SOMO LA MAABARA: JINSI YA KUNAKILI MAFUNGU YA PICHA ZA HADUBINI KWA KOMPYUTA

Mara nyingi kurasa hizi huzungumza juu ya vyandarua, maji safi, chanjo na usafi wa vyoo. Somo la leo ni la kompyuta, lakini linahusu afya yako moja kwa moja. Linaeleza jinsi picha za sampuli zinavyonakiliwa kabla ya kufanyiwa kazi, na kwa nini picha ya kwanza haitakiwi kuguswa kamwe.

Somo hili limeandikwa hasa kwa vijana waliomaliza sekondari, wanaojifunza kompyuta au wanaosaidia maabara. Ikiwa hujawahi kugusa kompyuta, soma sehemu ya 1, ya 2 na ya 8. Zitakusaidia kujua mambo ya kuuliza utakapopeleka sampuli yako au ya mtoto wako.

1. KWA NINI PICHA ZINAPIGWA

Tuchukue mfano wa Kahendero. Ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, wilayani Kasese, ndani ya mipaka ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Ndugu zetu wengi waliovuka mpaka wa Mpondwe na kupitia Bwera wanalijua eneo hilo. Ziwa George limeungana na Ziwa Edward kwa mfereji wa Kazinga, na aliyekulia Vitshumbi au Kyavinyonge upande wa Kongo amekulia kwenye maji hayo hayo ya Edward.

Watu wa ziwani huingia majini kila siku kuvua, kuchota, kufua na kuoga. Maji yenye konokono wanaobeba vimelea huleta kichocho cha tumbo, yaani bilhazia. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na utumbo na kutaga mayai. Mayai mengine hutoka na choo. Mengine hubaki mwilini na, baada ya miaka, huharibu ini. Uganda ilianza mpango wa taifa wa kugawa dawa ya prazikwanteli mwaka 2003.

Ili kujua nani ana kichocho, maabara huchukua choo kidogo, miligramu 41.7, na kukitandaza kwenye kioo. Njia hii inaitwa Kato-Katz. Mtaalamu huhesabu mayai yaliyo kwenye kioo chote na kuzidisha kwa 24. Jibu ni idadi ya mayai katika gramu moja ya choo. Shirika la Afya Duniani limegawanya hivi:

- Mayai 1 hadi 99 kwa gramu: maambukizi madogo.
- Mayai 100 hadi 399: maambukizi ya kati.
- Mayai 400 na zaidi: maambukizi makubwa.

Sasa piga hesabu. Mayai 4 mara 24 ni 96, maambukizi madogo. Mayai 5 mara 24 ni 120, maambukizi ya kati. Yai moja tu limebadilisha daraja. Na yai moja likikosekana kwa mtu aliyekuwa na moja pekee, ataambiwa hana ugonjwa na kwenda nyumbani bila dawa.

Siku hizi baadhi ya maabara hufunga kamera juu ya hadubini na kupiga picha. Picha inaweza kuangaliwa tena na mtu wa pili, na inaweza kutumwa kwa mtaalamu aliye mbali. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiwemo John Quinn na Rose Nakasi, walichapisha kazi yao ya kuifundisha kompyuta kutambua vimelea vya malaria kwenye damu, vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi, na mayai ya minyoo kwenye choo, kwa kutumia picha za hadubini. Kwa hiyo mambo haya si ya Ulaya tu. Yanafanyika hapa Uganda.

2. FUNGU LA PICHA NI NINI

Choo kilichotandazwa kwenye kioo kina unene. Yai moja linaweza kuwa juu, jingine chini yake. Hadubini huona vizuri kina kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukizungusha kirekebishi, yai la juu linafifia na la chini linaonekana.

Kwa sababu hiyo mpiga picha hupiga picha kadhaa za mahali pale pale, kila moja kwenye kina chake. Picha hizo huhifadhiwa pamoja katika faili moja. Katika somo hili tutaliita faili hilo FUNGU, na kila picha ndani yake tutaiita TABAKA. Fikiria chapati zilizopangwa kwenye sahani: sahani nzima ni fungu, chapati moja ni tabaka.

Kioo kimoja hakiingii chote kwenye picha moja. Hupigwa sehemu kwa sehemu, na kila sehemu ina fungu lake. Mwisho hesabu za sehemu zote hujumlishwa.

3. KWA NINI TUNAKILI KWANZA

Kabla ya kuhesabu, picha hutengenezwa. Rangi huondolewa, mwanga husawazishwa, uchafu hufutwa. Kila hatua hubadilisha picha. Baada ya kubadilisha, huwezi tena kujua kilichokuwepo mwanzoni.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa hasara. Nikiwa kwenye mafunzo katika maabara moja, nilipewa fungu la tabaka 10 la sampuli ya mtoto. Niliandika amri nikidhani nimetengeneza nakala. Nikageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu, kisha nikahifadhi. Mtaalamu aliporudi alitaka kuangalia kitu kimoja chenye umbo la yai, ajue kama ni yai la safura au ni povu la hewa. Kwenye fungu langu palikuwa na doa jeusi tu. Nilikuwa nimeiharibu picha ya asili.

Nikasema, si tuangalie kioo chenyewe? Akanijibu kwamba mayai ya safura huyeyuka na kutoonekana kwenye kioo cha Kato-Katz baada ya muda wa saa moja hivi. Kioo kile kilikuwa kimekaa zaidi ya saa tatu. Mayai ya kichocho hudumu, lakini ya safura yalikuwa yamekwisha. Ile picha ndiyo iliyokuwa shahidi pekee. Ikabidi mama wa mtoto aitwe alete sampuli nyingine. Alitembea mara ya pili njia ndefu, mtoto mgongoni, kwa sababu ya mstari mmoja niliouandika vibaya.

Ndugu msomaji, mstari wenyewe nitakuonyesha katika sehemu ya 5.

4. KUNAKILI KWA MKONO

Programu tutakayotumia inaitwa ImageJ. Ilitengenezwa na Wayne Rasband wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na ilianza mwaka 1997. Ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Kuna toleo jingine lenye vifaa zaidi linaloitwa Fiji. Amri za somo hili zinafanya kazi katika yote mawili.

Fuata hatua hizi:

a) Fungua fungu lako.
b) Bonyeza menyu ya "Image", kisha "Duplicate". Au bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na D kwa pamoja.
c) Kidirisha kitafunguka. Andika jina la nakala.
d) Weka alama kwenye kisanduku cha kunakili fungu zima. Usipoweka alama hiyo, utapata tabaka moja tu, lile lililo mbele yako.
e) Bonyeza "OK".

Kwa fungu moja njia hii inatosha. Lakini ukiwa na mafungu 60 ya siku moja, mkono huchoka, na mkono uliochoka husahau alama ya kisanduku. Hapo ndipo tunaiandikia kompyuta amri ifanye yenyewe.

5. KUNAKILI KWA AMRI

Amri zilizoandikwa kwa mpangilio ili kompyuta izifuate huitwa makro. Bonyeza "Plugins", kisha "New", kisha "Macro". Ukurasa mtupu utafunguka. Ukimaliza kuandika, bonyeza Ctrl na R ili makro ifanye kazi.

Kwanza tazama kosa langu:

asili = getImageID();
nakala = asili;
selectImage(nakala);
run("8-bit");

Mstari wa pili unaonekana kama unatengeneza nakala. Hautengenezi. Kila picha iliyofunguliwa ina namba yake, na mstari wa kwanza unachukua namba hiyo na kuipa jina "asili". Mstari wa pili unachukua namba ile ile na kuipa jina la pili. Fungu bado ni moja. Ni sawa na mtoto anayeitwa Baraka shuleni na Kambale nyumbani: ukimnyoa Baraka, Kambale naye amenyolewa. Kwa hiyo amri ya mwisho, inayoondoa rangi, imeondoa rangi kwenye picha ya asili.

Sasa tazama njia sahihi:

asili = getImageID();
tabaka = nSlices;
run("Select None");
run("Duplicate...", "title=nakala duplicate");
nakala = getImageID();
if (nSlices != tabaka) exit("Tabaka hazilingani");

Tueleze mstari kwa mstari.

Mstari wa 1 unashika namba ya fungu la asili.

Mstari wa 2 unahesabu tabaka za asili na kuweka hesabu hiyo akiba.

Mstari wa 3 unaondoa alama yoyote ya uteuzi iliyochorwa juu ya picha. Usiuruke. Kama mtu aliyetumia kompyuta kabla yako alichora mraba kuzunguka yai moja na akauacha, kompyuta itanakili kilicho ndani ya mraba tu. Mayai yaliyo nje hayatakuwemo kwenye nakala, na kompyuta haitakuambia kitu. Mtu mwenye mayai 5 ataandikiwa 4, na tumeshaona tofauti ya 120 na 96.

Mstari wa 4 ndio unaonakili. Neno "title=nakala" ni jina la nakala. Neno "duplicate" lililo mwishoni, ndani ya alama za kunukuu, ndilo linalosema "nakili fungu zima". Likikosekana, unapata tabaka moja.

Mstari wa 5 unashika namba ya nakala. Baada ya kunakili, fungu jipya ndilo linalokuwa mbele, kwa hiyo namba inayochukuliwa hapa ni ya nakala, na ni tofauti na ya asili.

Mstari wa 6 ni ulinzi. Tabaka za nakala zisipolingana na za asili, kazi inasimama na ujumbe unatokea. Afadhali kazi isimame kuliko iendelee na makosa.

Ukitaka tabaka chache tu, kwa mfano la 3 hadi la 7, andika hivi:

run("Duplicate...", "title=nakala duplicate range=3-7");

Hapo utapata tabaka 5, si 4, kwa sababu la 3 na la 7 yote yamo.

6. KUNAKILI FOLDA NZIMA

Makro hii huchukua kila fungu lililo kwenye folda ya asili, hulinakili, huondoa rangi kwenye nakala, kisha huhifadhi nakala kwenye folda nyingine:

toka = getDirectory("Chagua folda ya asili");
peleka = getDirectory("Chagua folda ya nakala");
orodha = getFileList(toka);
for (i = 0; i < orodha.length; i++) {
  if (endsWith(orodha[i], ".tif")) {
    open(toka + orodha[i]);
    asili = getImageID();
    tabaka = nSlices;
    run("Select None");
    run("Duplicate...", "title=nakala duplicate");
    nakala = getImageID();
    if (nSlices != tabaka) exit("Tabaka hazilingani");
    run("8-bit");
    saveAs("Tiff", peleka + "N_" + orodha[i]);
    close();
    selectImage(asili);
    close();
  }
}

Angalia mambo matatu.

La kwanza: folda ni mbili. Asili zinakaa kwao, nakala zinakaa kwao. Tena kila nakala inaanza na herufi "N_". Hata ukikosea na kuchagua folda moja mara mbili, nakala haitaifuta asili, kwa sababu majina hayafanani. Kumbuka kwamba makro ikihifadhi juu ya faili lenye jina lile lile, hulifuta la zamani bila kukuuliza.

La pili: tunafunga kila fungu baada ya kulimaliza. Piga hesabu. Picha ya rangi yenye nukta 1280 kwa 1024 huchukua baiti 4 kwa kila nukta, yaani kama MB 5. Tabaka 10 ni MB 50. Pamoja na nakala ya rangi ni MB 100. Ukiacha mafungu 20 na nakala zake wazi, umefika MB 2000, na kompyuta nyingi za zamani tunazopewa zitaganda. Zikiganda kazi ikiwa katikati, unaanza upya.

La tatu: tunahifadhi kwa Tiff, si kwa Jpeg. Jpeg hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya habari za picha, na tena haihifadhi tabaka nyingi katika faili moja.

7. TAHADHARI

- Usitegemee kitufe cha kurudisha nyuma. Kwenye ImageJ kinarudisha hatua ya mwisho tu, na kwenye mafungu mara nyingi hakifanyi kazi.

- Fungu kubwa linaweza kufunguliwa kwa njia ya kusomwa kutoka kwenye diski bila kuingia lote kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukilibadilisha fungu la namna hiyo, mabadiliko hupotea mara unapohamia tabaka jingine. Linakili kwanza, ndipo ufanye kazi kwenye nakala.

- Ukisahau jinsi ya kuandika amri, bonyeza "Plugins", "Macros", kisha "Record". Fanya kazi kwa mkono mara moja, na programu itakuandikia amri zake. Mimi ndivyo ninavyofanya mpaka leo.

- Weka asili kwenye fleshi au diski ya pili pia. Nakala iliyo kwenye kompyuta ile ile hufa pamoja na kompyuta.

- Jaribu makro mpya kwenye mafungu mawili ya mazoezi kwanza. Usiijaribie kwenye sampuli za wagonjwa.

8. JINA LA MGONJWA

Sehemu hii inatuhusu sote. Faili la picha lisiitwe kwa jina la mtu. Liitwe kwa namba, na kitabu chenye majina na namba kifungwe kabatini. Maandishi yaliyowekwa kwenye tabaka za asili huhamia kwenye nakala. Jina moja likiandikwa kwenye asili, kesho liko kwenye nakala kumi, na keshokutwa liko kwenye fleshi ya mtu usiyemjua. Wengi wetu tulikimbia mahali ambapo jina kwenye orodha lilitosha kukuletea matatizo. Kwa hiyo una haki ya kuuliza: picha ya sampuli yangu inaandikwaje? Nani ataiona? Mhudumu mzuri hatakasirika ukiuliza.

Na usisahau kinga yenyewe. Kompyuta huhesabu mayai, haiyazuii. Tumia choo, usijisaidie majini wala kando ya maji. Kama huna budi kuoga kwa maji ya ziwa, yachote, yachuje konokono, uyaache kwenye chombo siku mbili kabla ya kuyatumia. Siku ya kugawa prazikwanteli ikifika, pokea dawa yako, na ule chakula kwanza. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022, pale ambapo watu 10 au zaidi kati ya 100 wana kichocho, jamii nzima kuanzia watoto wa miaka 2 inafaa kupewa dawa kila mwaka. Asilimia hiyo inatoka kwenye vioo na picha kama hizi. Zikihesabiwa vibaya, kijiji kizima kinaweza kukosa dawa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kioo kimeonyesha jumla ya mayai 3 ya kichocho. Ni mayai mangapi kwa gramu, na ni daraja gani?
2. Fungu la asili lina tabaka 12, nakala ina tabaka 1. Kosa ni lipi?
3. Nakala ina tabaka 12, lakini upana wake ni mdogo kuliko wa asili. Kosa ni lipi?
4. Mwenzako ameandika "nakala = asili;" kisha akaondoa rangi. Utamwambia nini kabla hajahifadhi?

MAJIBU

1. 3 mara 24 ni 72. Maambukizi madogo. Bado anahitaji dawa.
2. Neno "duplicate" halikuandikwa ndani ya amri, au alama ya kisanduku haikuwekwa.
3. Kulikuwa na alama ya uteuzi juu ya picha. Mstari wa "Select None" ulirukwa.
4. Asihifadhi! Afunge fungu bila kuhifadhi, alifungue tena kutoka kwenye diski, na anakili kwa amri sahihi. Faili lililo kwenye diski bado ni zima mpaka mtu atakapohifadhi juu yake. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia hivyo siku ile. Wewe sasa unajua, mwambie na mwenzako.